Mtakatifu Brendan Baharia

Mtakatifu Brendan, msimamizi wa mabaharia, tunamkumbuka kila 16 Mei. Alizaliwa Kerry, magharibi mwa Ireland, karibu mwaka 484. Alilelewa na Mtakatifu Ita, akapadirishwa, akaanzisha monasteri kadhaa. Amezikwa katika ile ya Clonfert.

Masimulizi ya kale ya Kilatini yanaeleza jinsi alivyozunguka baharini miaka saba pamoja na watawa wenzake, katika mashua ya ngozi za ng'ombe, wakiitafuta nchi waliyoahidiwa watakatifu. Mashua ya ngozi kuvuka Atlantiki? Tim Severin aliunda ya namna hiyo, na mwaka 1977 akafika nayo Newfoundland.

Sisi wanakwaya tunayapenda masimulizi hayo kwa sababu yamejaa nyimbo. Katika kisiwa kimoja ndege waliimba zaburi kwa saa za sala. Katika kingine walikuta kwaya tatu, ya watoto, ya vijana na ya wazee, zikipokezana zaburi. Mtawa mmoja alibaki huko aimbe nao. Naye alikuwa mmoja wa watatu waliokuja dakika za mwisho, mashua ikiwa tayari kuondoka! (Wanaochelewa mazoezi wasishangilie mapema: wale wawili wengine waliishia pabaya.)