J.W. Gregory: Karani wa sufu aliyelipa jina Bonde la Ufa

Mtu aliyelipa Bonde la Ufa jina linalotumika hadi leo hakuanza maisha akiwa na nyundo ya kupasulia mawe mkononi, bali kalamu ya karani.

John Walter Gregory alizaliwa mwaka 1864 Bow, mashariki mwa London, mtaa ambao zamani uliitwa Stratford-le-Bow na unaotenganishwa na Stratford ya leo na Mto Lea. Akiwa na umri wa miaka 15 aliacha shule, akaajiriwa katika biashara ya sufu. Jiolojia aliisoma jioni, baada ya kazi, katika chuo cha Birkbeck. Mwaka 1887 alipata ajira katika jumba la makumbusho ya viumbe na mawe mjini London.

Alifika Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1892 na msafara uliosambaratika kabla ya kufika mbali, naye mwenyewe akaugua malaria. Wengi wangerudi kwao. Gregory alibaki, na Machi 1893 akaondoka Mombasa na wapagazi wapatao 40 kuelekea Naivasha, Baringo na Mlima Kenya.

Swali lililomsumbua lilikuwa moja: je, bonde lile kubwa lilichongwa na maji? Mwaka 1891 Eduard Suess wa Austria, aliyetegemea taarifa za wasafiri, alikuwa amesema ni ufa wa ardhi. Gregory alikwenda kuyauliza mawe yenyewe. Alilinganisha matabaka ya kuta za pande mbili, akaona jinsi ardhi ilivyoshuka kwa ngazi kuelekea katikati. Akahitimisha kwamba sakafu ya bonde ilididimia kati ya nyufa zinazokwenda sambamba. Kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1896.

Kazi ya nyundo ilifuatwa na ya hadubini. Wanajiolojia huigawa miamba katika makundi matatu: miamba ya moto, miamba tabaka na miamba geu. Lakini ndani ya kila kundi kuna aina nyingi, zinazotambuliwa kwa madini yake na ukubwa wa fuwele zake. Katika lava za Mlima Kenya, Gregory alikuta mwamba mweusi wenye fuwele kubwa za feldispa, na mwaka 1900 akauita kenyaiti. Baadaye mwamba wa aina hiyo ulitambuliwa katika Mlima Erebus, bara la Antaktika. Ajabu ni kwamba mwaka 1901 Gregory alijiuzulu kutoka msafara wa Kapteni Scott wa kwenda huko huko.

Mawe yaliyofika London yalitoka bara mabegani mwa wapagazi, jambo ambalo ramani zenye jina la Ufa wa Gregory hazilionyeshi. Wala si kila alichoandika kinastahili sifa. Mwaka 1925 alichapisha kitabu cha kutetea kutenganishwa kwa watu kwa rangi. Jicho lililosoma mawe kwa makini kiasi kile halikuwatazama binadamu kwa makini hayo.

Alifundisha Melbourne, kisha Glasgow hadi mwaka 1929, na mwaka 1919 alirudi Bonde la Ufa kuhakiki hoja zake.

Juni 1932, akiwa na umri wa miaka 68, alikuwa Peru akichunguza miamba ya Andes. Mtumbwi wake ulipinduka katika Mto Urubamba, akafa maji.