Daktari Williamson wa Mwadui na Habari za Mwanga

Mwalimu wetu wa Fizikia alinitaka niandike juu ya mwanga wa leza upitao ndani ya uzi wa kioo. Nami nimeona heri nianze na mtu ambaye hakupata kuuona mwanga huo maishani mwake. Kwetu ni Geita, na kila nijapo shule basi letu hupita Mabuki na Maganzo, karibu na Mwadui, na abiria hawakosi kumtaja.

John Thoburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Quebec, nchi ya Kanada. Alikusudia kusomea sheria, lakini safari moja ya kwenda Labrador ilimgeuza moyo, akashika elimu ya miamba. Chuo Kikuu cha McGill kilimpa udaktari mwaka 1933. Akaja Afrika, akafanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kisha akahamia Tanganyika kwenye mgodi wa almasi wa Mabuki.

Alipoacha kazi ile hakurudi kwao. Alibaki kutafuta mwenyewe katika mbuga za Usukuma, kwa fedha za kukopa, na malaria ikimwandama. Yafaa ieleweke kwamba almasi hutoka chini sana ardhini, ikipandishwa na mwamba uliosimama kama bomba. Aokotaye almasi moja mtoni hajapata mgodi, maana maji yameileta kutoka mbali. Kazi ni kulipata bomba lenyewe. Mwezi wa Machi 1940 Williamson alilipata Mwadui, nalo lina hekta 146, yaani karibu viwanja 200 vya mpira. Wengine husema ilikuwa chini ya mbuyu, wengine husema gari lake lilikwama matopeni. Mimi siapi kwa hadithi yo yote.

Wakili wa Mwanza, Bwana I. C. Chopra, alimsaidia akawa mwenzake katika mali ile. Williamson akatajirika sana, wala hakuoa. Miaka ya mwanzo ya 1950 alithubutu hata kuzizuia almasi zake asiwauzie wakubwa wa biashara hiyo, kwa sababu hawakupatana.

Mwaka 1947 Mwadui ilitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, yaani gramu 11 hivi. Akamtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Ilipochongwa zilibaki karati 23.6 tu, ikatiwa katikati ya pambo la ua. Zaidi ya nusu ilipotea! Nilimwuliza Mwalimu hasara ile ilikuwa ya nini, akanijibu kwamba kilichotafutwa ni mwanga.

Mwanga ulio ndani ya maji, kioo au almasi, ukiupiga ukuta kwa kulala mno, hautoki nje bali hurudi ndani. Tunapima kutoka mstari uliosimama wima juu ya ukuta: katika maji ni lazima uzidi nyuzi 49 hivi, katika kioo cha kawaida 42, lakini katika almasi 24 zatosha. Kwa hiyo mchongaji hupanga nyuso za jiwe ili mwanga uingiao juu ugonge chini, urudi, utokee machoni pa mtazamaji.

Uzi wa kioo hufuata sheria iyo hiyo. Kiini chake kimevikwa kioo kingine kinachopinda mwanga kidogo kuliko hicho cha ndani, basi mwanga huenda ukigonga kando mpaka mwisho. Viwandani hupitishwa wati 1,000 na zaidi katika kiini chembamba kama unywele, zikakate chuma. Hatari iko mlangoni. Vumbi kidogo tu kwenye ncha hunywa nguvu ile, huungua, na uzi umekwisha. Siku hizi hata almasi hukatwa kwa leza, na iko mashine ambayo mwanga wake husafiri ndani ya uzi wa maji!

Williamson alikufa Januari 1958 kwa saratani ya koo, hajatimiza miaka 51. Mwaka ule ule mgodi ukauzwa, nusu kwa kampuni ya De Beers na nusu kwa Serikali ya Tanganyika. Leza ya kwanza iliwaka Marekani mwaka 1960.

Likizo iliyopita baba yangu mdogo, ambaye ana duara la dhahabu huko kwetu, alinitaka niache shule nikamsaidie, mtihani usiningoje. Ni mwaka wa nne huu anachimba, naye hajapata cha kulipa madeni. Nikamweleza habari za Williamson, kwamba kwanza alisoma. Akanijibu kwamba Williamson naye alikuwa na madeni, na tena kama asingeliona bomba lile hakuna ambaye angelijua jina lake. Sikuwa na la kusema. Ndipo nikamweleza habari za mwanga. Alisikiliza kwa makini, akauliza kama mwanga huo waweza kumwonyesha mkanda wa dhahabu ulipo. Nikamwambia, hapana Baba, huo hukata tu. Akacheka, akanipa nauli ya kurudi shule.