Major Taylor: Bingwa wa Baiskeli Aliyeishiwa Hamu, Kisha Akarudi

Katika kurasa za namna hii tumezoea kusoma habari za viongozi na wasomi. Safari hii naomba niwaletee maisha ya mtu wa michezo, mpanda baiskeli aliyefariki zamani na katika nchi ya mbali, lakini ambaye maisha yake yana jambo linalotuhusu sisi tulio kazini na ninyi mlio masomoni.

Kwetu Ufipa baiskeli si kitu kigeni. Kabla pikipiki hazijazagaa, baiskeli ndiyo iliyobeba gunia la mahindi kutoka shambani, ikampeleka mgonjwa zahanati, na ikamfikisha mwanafunzi shuleni na sanduku lake la bati nyuma. Yeyote aliyewahi kuisukuma kupanda Lyamba lya Mfipa akitokea bonde la Rukwa, au kuiendesha huku juu mwezi wa Julai upepo wa baridi ukimpiga kifuani, anajua kwamba nguvu za miguu peke yake hazitoshi. Lazima moyo nao utake. Habari ya Major Taylor ni habari ya moyo uliotaka, ukaacha kutaka, kisha ukataka tena.

Jina lake kamili lilikuwa Marshall Walter Taylor. Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1878 katika mji wa Indianapolis, Marekani, miaka 13 tu baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo. Baba yake, Gilbert, alikuwa mwendesha gari la farasi katika nyumba ya Wazungu matajiri walioitwa Southard. Marshall alicheza na mtoto wa nyumba ile kama ndugu yake, na ni huko alikopata baiskeli yake ya kwanza. Akiwa bado kijana mdogo alijifundisha michezo ya kila namna juu ya baiskeli, hata mwenye duka mmoja akamwajiri aifanye mbele ya duka lake ili kuvuta wateja. Alivalishwa vazi la kijeshi, watu wakamwita Major, yaani Meja. Jina hilo halikumtoka tena.

Mtengenezaji mmoja wa baiskeli, Louis Munger, ambaye naye alikuwa mshindani zamani, alikiona kipaji chake. Lakini viwanja vya Indianapolis vilikuwa vimemfungia mlango kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1894 chama kikubwa cha wapanda baiskeli wa Marekani kilikuwa kimekwisha pitisha kanuni ya kuwakataa watu weusi kuwa wanachama. Basi mwaka 1895 Munger alihamia Worcester, katika jimbo la Massachusetts, akaenda na kijana wake, maana huko chuki ilikuwa nafuu.

Desemba 1896, akiwa na umri wa miaka 18, Taylor aliingia katika mbio za siku sita mjini New York. Washindani walizunguka ndani ya jengo mchana na usiku, wakilala kwa kuibia. Alimaliza wa nane, akiwa amekwenda maili 1,732, yaani kama kilomita 2,787. Hiyo ni zaidi ya safari ya kwenda Dar es Salaam kwa njia ya Mbeya na kurudi Sumbawanga. Baada ya hapo aliachana na mbio ndefu akashika mbio fupi, na humo ndimo alimong'ara.

Inafaa nieleze kidogo mbio hizo, kwa kuwa si wengi waliozishuhudia. Uwanja wake ni wa mviringo, na kona zake zimeinuliwa kama ukuta ulioegemea. Washindani huanza polepole, wakati mwingine kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa sababu hakuna anayetaka kutangulia. Anayetangulia ndiye anayepasua upepo, na anayemfuata nyuma anapumzika kivulini mwake. Sisi tulioendesha katika upepo wa Ufipa tunaijua siri hiyo bila kufundishwa. Mwishoni mmoja huchomoka, na ushindi hupatikana kwa upana wa tairi. Sasa fikiria mtu mmoja anayeshindana na watu watano waliokwisha patana wamzibie njia. Mmoja anakaa mbele yake, mwingine ubavuni, wa tatu anachomoka. Hivyo ndivyo Wazungu wengi walivyomfanyia Taylor. Naye alijifunza kupita katika upenyo ambao wengine hawakuuona, na akishapita, hakukuwa na wa kumfikia.

Mambo hayakuishia kwenye hila. Mwaka 1897, huko Taunton, mshindani mmoja alimkaba koo baada ya mbio hata akazimia. Adhabu ya mtu huyo ilikuwa faini ya dola 50.

Pamoja na hayo, tarehe 10 Agosti 1899, mjini Montreal, Kanada, Taylor alishinda mbio za maili moja akawa bingwa wa dunia. Kabla yake ni mtu mweusi mmoja tu aliyekuwa amepata ubingwa wa dunia katika mchezo wowote, naye ni mwanamasumbwi George Dixon. Mwaka 1900 akawa bingwa wa Marekani. Mwaka 1901 alikwenda Ulaya, na Mei mwaka huo, mjini Paris, akakutana mara mbili na Edmond Jacquelin, kipenzi cha Wafaransa. Mara ya kwanza alishindwa, mara ya pili akashinda. Alikuwa mtu wa dini, na kwa miaka mingi alikataa kabisa kushindana siku ya Jumapili, ingawa msimamo huo ulimpotezea fedha na mataji.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha habari yetu. Mwaka 1902 alioa, na katika misimu miwili iliyofuata alikwenda kushindana Australia. Safari ya kwanza alipokewa kama mfalme. Safari ya pili walikuja pia Wamarekani waliomchukia, wakiongozwa na Floyd McFarland, na kule kuzibiwa njia na kusukumwa kukaanza upya katika nchi ambayo alitumaini kupumzika nayo. Binti yake alizaliwa Sydney Mei 1904, wakampa jina la Sydney kuwa la pili. Baada ya muda mfupi familia ilirudi Marekani, Taylor akaanguka. Hakuvunjika mguu. Kilichokwisha ni hamu. Alikuwa na mkataba wa kwenda Ulaya, lakini hakwenda, na mawakala wa Ufaransa wakamshitaki.

Tuseme wazi, ndugu zangu, kwamba hii haikuwa uvivu. Mtu aliyezunguka siku sita bila usingizi wa maana hawezi kuitwa mvivu. Alikuwa amefika mahali ambapo kila anapoiona baiskeli hakumbuki tena furaha ya yule mtoto wa mbele ya duka. Anakumbuka mkataba, treni, hoteli zinazomkataa na watu wanaomngoja kwenye kona. Kitu alichokipenda kilikuwa kimefunikwa na yote yaliyokizunguka.

Alikaa nyumbani Worcester zaidi ya miaka miwili. Aliishi na mkewe na mtoto wake, mwili ukanenepa. Mwaka 1907 alikubali kurudi. Sitawaambia kwamba alirudi kwa mapenzi matupu, maana kesi ilikuwepo na familia ilihitaji kula. Lakini tazameni namna alivyorudi. Alikwenda Ufaransa na mke na binti yake, hakwenda peke yake kama mzigo wa mawakala. Akaingia uwanjani mzito, katika umri wa miaka 28, akashindwa. Akaingia tena, akashindwa tena na vijana ambao zamani wangemwona mgongo tu. Bingwa wa dunia alikubali kuwa mwanafunzi mbele ya watu waliolipa kiingilio ili wamwone akishinda. Naona hapo ndipo penzi lilipojulikana kuwa limerudi. Anayependa sifa tu hawezi kuvumilia kushindwa hadharani wiki baada ya wiki. Anayependa kazi yenyewe anaweza.

Taratibu uzito ukapungua na kasi ikarudi, na kabla msimu haujaisha alikuwa anashinda tena. Mwaka 1908, mjini Paris, aliweka rekodi mbili za dunia za kuanzia mahali pa kusimama: robo maili kwa sekunde 25.4, na nusu maili kwa sekunde 42.2. Mwaka 1909, huko Roanne, Ufaransa, alishinda mbio zake za mwisho za Ulaya. Mwaka 1910 alistaafu. Bado ipo habari moja ndogo ambayo mimi naipenda kuliko rekodi zile. Mwaka 1917, mjini Newark, yalifanyika mashindano ya wakongwe, Taylor akaenda, akashinda. Hakukuwa na ubingwa wa kupata wala mkataba wa kutimiza.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni, na haifai kuuficha. Biashara zake zilianguka. Mwaka 1928 alichapa kitabu cha maisha yake kwa gharama yake mwenyewe, akawa anakiuza nyumba kwa nyumba. Ndoa yake ilivunjika, akahamia Chicago, na tarehe 21 Juni 1932 akafa katika wodi ya maskini, akazikwa katika kaburi lisilo na jina. Mwaka 1948 wapanda baiskeli wa zamani waliufukua mwili wake wakamzika upya kwa heshima. Mwaka 2008 mjini Worcester ulizinduliwa mnara wa kumbukumbu yake.

Nimetumikia serikali miaka ya kutosha kuwaona watu wanaosaini kitabu cha mahudhurio kila asubuhi ilhali mioyo yao iliondoka zamani. Naamini walimu wetu nao wamewaona wanafunzi wa namna hiyo: kijana aliyeongoza darasa tangu kidato cha kwanza, ghafla kitabu kinamchukiza. Mara nyingi tunawaambia wajikaze. Maisha ya Taylor yananifundisha kwamba kujikaza peke yake hakutoshi. Kwanza mtu atazame ni nini hasa kimemchosha, kazi yenyewe au yaliyoizunguka. Kisha apumzike bila aibu, karibu na watu wanaompenda. Na siku ya kurudi akubali kuanzia nyuma, tena bila kuona haya kwa kupitwa na wadogo zake. Asitegemee pia kwamba penzi la kazi litamhakikishia mkate uzeeni, maana Taylor halikumhakikishia. Kwa hiyo wekeni akiba, na msiache kuwatembelea wenzetu wa zamani waliopatwa na shida. Tusingoje kuwafukua.