Pete Conrad: Alifika Mwezini, kisha akapigania safari za bei nafuu

Pete Conrad anajulikana zaidi kama mtu wa tatu kukanyaga Mwezi, Novemba 1969. Lakini leo tunataka kuangalia swali lililomshughulisha baadaye: kwa nini kwenda anga za juu kunagharimu fedha nyingi hivyo?

Conrad alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1930. Kusoma kulimpa taabu kutokana na disleksia, hata akafukuzwa shule. Hakukata tamaa. Mwaka 1953 alihitimu uhandisi wa ndege katika Chuo Kikuu cha Princeton, akawa rubani wa jeshi la majini, na mwaka 1962 akachaguliwa na NASA. Alisafiri angani mara nne, safari ya mwisho ikiwa ya kituo cha Skylab mwaka 1973.

Tangu 1981 Marekani ilikuwa na chombo kinachorudi na kutumika tena, yaani shuttle. Tatizo ni kwamba kila kiliporudi, mafundi wengi walikikagua kwa wiki nyingi. Muda mfupi kabisa kati ya safari mbili za chombo kimoja ulikuwa siku 54. Mishahara na matengenezo vilikula akiba yote iliyotarajiwa.

Kampuni ya McDonnell Douglas, alikofanya kazi Conrad, ikajaribu njia nyingine: DC-X, roketi ya majaribio yenye urefu wa mita 12 hivi, iliyopaa na kutua wima kwa miguu yake. Iliruka mara ya kwanza Agosti 1993 huko White Sands, New Mexico. Watu watatu tu waliiongoza kutoka ardhini, na Conrad alikuwa mmoja wao. Juni 1996 iliruka mara mbili ndani ya saa 26.

Mwezi uliofuata mguu mmoja haukufunguka. Mpira wa gesi haukuwa umeunganishwa. Roketi ikaanguka, ikaungua, na haikujengwa tena. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili unapoonekana: ukipunguza watu unaokoa fedha, lakini kosa dogo linaweza kukugharimu chombo kizima.

Conrad alifariki katika ajali ya pikipiki huko California, Julai 1999, akiwa na miaka 69. Desemba 2015, roketi ya Falcon 9 ilipeleka satelaiti angani, kisha sehemu yake ya chini ikarudi na kutua wima.