Semei Kakungulu: Jemadari aliyeisoma Biblia akawa Myahudi

Nilisoma Mbale, mashariki ya Uganda, katika Chuo Kikuu cha Kiislamu, na ilinichukua muda kujua kuwa mji ule uliasisiwa na mtu aliyewapiga vita Waislamu wa Buganda, kisha akafa akiwa Myahudi. Nimeona tumzungumzie Semei Kakungulu kwa sababu siku hizi wapo walokole wanaopuliza pembe ya kondoo, wanaoshika sikukuu za Kiyahudi na kupeperusha bendera ya Israel, na wengi wetu tunaliona jambo hilo kuwa siasa tupu.

Kakungulu alitokea Kooki, akaingia katika utumishi wa Kabaka wa Buganda, akasomeshwa na wamisionari wa Kiprotestanti na kubatizwa. Vita vya dini vilipozuka mwaka 1888 na Waislamu wakamtawaza Kabaka Kalema, yeye alikuwa miongoni mwa wapiganaji wa Kikristo waliomng'oa. Baada ya hapo Waingereza walimtumia sana. Mwaka 1899 alishiriki kuwakamata Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, wafalme waliopelekwa uhamishoni Shelisheli. Akaiteka nchi ya mashariki kwa askari wake mwenyewe, akitaraji kuwa mfalme wa huko. Wakoloni wakampokonya ngome yake ya Budaka, wakampa kipande cha ardhi Mbale, kisha wakamhamishia Busoga. Aliporudi Mbale mwaka 1913 alikuwa na kinyongo, na nani asingekuwa nacho?

Wengi huishia hapo: alinyimwa ufalme, akakasirika, akaiacha dini ya waliomnyima. Mimi hainiingii akilini kuwa hasira peke yake inaweza kumtahiri mtu mzima.

Wamisionari wale walimfundisha Mganda kwamba kila mtu ajisomee Biblia mwenyewe, na Biblia nzima kwa Kiganda ilipatikana tangu mwaka 1896. Walichosahau ni kwamba msomaji anaweza kuamini kila anachokisoma. Kakungulu alisoma habari za agano la Nabii Ibrahim (A.S.) na tohara, akasoma kuwa siku ya kupumzika ni Jumamosi, kisha akawatazama mapadri wake: hawatahiri, na wanasali Jumapili. Kwanza alijiunga na Wamalaki, kikundi kilichoibuka mwaka 1914 kikishika Sabato na kukataa dawa za hospitali. Mwaka 1919 akaamua kutahiriwa yeye na wanawe. Wamalaki wakapinga, wakisema tohara ni ya Wayahudi. Akawajibu kwamba ikiwa ni hivyo, basi tangu siku hiyo yeye ni Myahudi. Akahamia Gangama, chini ya mlima Elgon, na wafuasi wake.

Kwa nini hakuja kwetu? Katika Buganda tohara ilikuwa alama ya Uislamu, na mwaka 1876 Kabaka Mutesa wa Kwanza aliwaua vijana Waislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa. Kakungulu aliyajua yote hayo. Rai yangu ni kwamba aliyewapiga vita watu kwa ajili ya dini yao haoni wepesi kubisha hodi mlangoni kwao. Halafu Uislamu ulikuwa na masheikh wake tayari. Uyahudi pale Mbale haukuwa na mwenyewe, si Mzungu wala Mwafrika.

Mwaka 1922 alichapisha kitabu cha kanuni na dua kwa Kiganda. Hata hivyo ibada zao zilibaki na mabaki ya Ukristo, ubatizo ukiwemo, hadi mwaka 1926 alipokuja mgeni Myahudi aliyeitwa Yosef. Huyo alikaa nao miezi kadhaa akawafundisha kalenda, kuchinja na vyakula vilivyokatazwa.

Kakungulu alifariki Novemba 1928. Baadhi ya wafuasi walirudi makanisani, waliosalia wakajiita Abayudaya. Idi Amin alipiga marufuku ibada zao katika miaka ya 1970, wakasali kwa kujificha. Mwaka 2002 wakaja marabi, wengi wao kutoka Marekani, wakawasilimisha rasmi, kwa lugha yetu, watu wapatao 400. Wazee waliokuwa wameshika Sabato tangu utotoni waliingizwa majini na kuandikiwa kuwa kuanzia siku ile ni Wayahudi. Wengine, hasa wa kijiji cha Putti, walikataa, wakisema watawasubiri marabi wa Kiorthodoksi.