Béla Guttmann: Beki aliyenusurika mauaji, akamkweza Eusébio

WAPENZI wengi wa kandanda wakilisikia jina la Béla Guttmann hukumbuka laana anayodaiwa kuiachia Benfica ya Ureno mwaka wa 1962. Ni hadithi tamu, lakini imeyafunika maisha yake halisi.

Guttmann alizaliwa Budapest, Hungary, mwaka wa 1899 katika familia ya Kiyahudi. Wazazi wake walikuwa walimu wa densi, naye alihitimu kazi iyo hiyo kabla ya kutekwa na gozi. Akiwa beki wa kati wa MTK alitwaa ubingwa wa nchi mara mbili. Beki wa kati wa zama hizo hakuwa wa kubutua tu. Ndiye aliyekaba na ndiye aliyeanzisha mashambulizi. Hata hivyo, chuki dhidi ya Wayahudi ilipamba moto baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ndipo akahamia Vienna na kujiunga na Hakoah.

Hakoah, neno la Kiebrania lenye maana ya nguvu, iliasisiwa mwaka wa 1909. Ilikuwa na waogeleaji na wanamiereka pia, wote Wayahudi. Chimbuko lake ni wito wa Max Nordau, aliyewahimiza vijana wa Kiyahudi mwaka wa 1898 waukatae unyonge na kujenga miili yao. Nordau huyo huyo ndiye aliyeutetea, mwaka wa 1903, mpango wa Uingereza wa kuwapa Wayahudi makao katika uwanda wa Uasin Gishu. Miezi michache baadaye kijana mmoja aliyeupinga alimfyatulia risasi jijini Paris, zikamkosa. Mkazi wa Kiamunyi, kando ya barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldama Ravine, hayuko mbali na ardhi hiyo, ambayo Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa walipogawiwa wengine. Mpango huo ulikataliwa mwaka wa 1905.

Mwaka wa 1923 Hakoah iliicharaza West Ham mabao 5-0 jijini London. Mwaka wa 1925 ilitwaa ubingwa wa ligi ya kulipwa ya Austria, bao la kuamua likifungwa na kipa aliyekuwa amevunjika mkono na kusogezwa mbele. Baada ya ziara ya mwaka wa 1926 Guttmann alisalia New York, ambako mporomoko wa uchumi wa mwaka wa 1929 ulimfilisi.

Wanazi walipoitwaa Austria mwaka wa 1938 waliifuta Hakoah. Nahodha wake wa zamani, beki Max Scheuer, aliuawa Auschwitz. Guttmann alijificha darini karibu na Budapest, kisha akatiwa katika kambi ya kazi za shokoa. Mwishoni mwa 1944 alitoroka. Baba yake na dada yake hawakupona.

Aliibuka kuwa kocha. Akiwa Benfica alimchukua kijana Eusébio kutoka Lourenço Marques, leo Maputo, akatwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mwaka wa 1961 na 1962. Katika fainali ya pili, dhidi ya Real Madrid, Eusébio alifunga mabao mawili. Guttmann aliomba marupurupu, akanyimwa, akaondoka. Tangu hapo Benfica imepoteza fainali nane za Ulaya. Wenye kupenda miujiza humtaja yeye.

Alifariki Vienna mwaka wa 1981.