Aggrey: Mwalimu aliyerudi nyumbani baada ya miaka 22

UKIMUULIZA mfanyabiashara yeyote wa Buyenzi anayefuata bidhaa Dar es Salaam, atakuelekeza Mtaa wa Aggrey bila kufikiri. Uko Kariakoo, na wengi wetu tumebeba mizigo mabegani tukiupita. Lakini muulize huyo Aggrey alikuwa nani, atatikisa kichwa. Nami ningetikisa kichwa, kama nisingesimuliwa habari zake nikiwa mkimbizi nchini Malawi.

Tulifika kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, katika miaka ya 1990. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda, na jina lake kwa Kichewa ni kama kiapo cha mtu anayesema hatarudia tena. Baadaye tulihamia Lilongwe, Area 23, mama akiuza vitenge na mandazi. Mimi nilikuwa nimeanza shule kwa Kifaransa, ghafla masomo yote yakawa ya Kiingereza. Nikajifunza kunyamaza darasani ili nisichekwe. Jirani yetu, mwalimu mstaafu wa Kimalawi, aliligundua hilo. Jioni moja aliniita barazani kwake akanisimulia maisha ya mtu huyu.

James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa Oktoba 18, 1875 katika mji wa Anomabu, pwani ya Gold Coast, nchi ambayo leo inaitwa Ghana. Alisoma katika shule za Wamethodisti na akaanza kufundisha angali kijana. Mwaka 1898 alipanda meli kwenda Marekani kusoma katika chuo cha Livingstone, mjini Salisbury, North Carolina, kilichoanzishwa na kanisa la Wamarekani weusi. Alihitimu mwaka 1902, akabaki hapo kama mwalimu, akawa mchungaji, na mwaka 1905 akamwoa Rose Douglass.

Aggrey hakuwa mkimbizi, alikwenda kwa hiari yake. Hata hivyo, aliyoyaona huko yanafanana na tuliyoyaona sisi. Kusini mwa Marekani siku hizo mtu mweusi alitengwa kwa sheria. Ukiambiwa kila siku kwamba wewe ni wa daraja la chini, huwa inafika siku unajiambia mwenyewe, bila kusubiri mwingine akukumbushe.

Mwaka 1920, mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ulituma tume kuchunguza elimu barani Afrika, na Aggrey akawa Mwafrika pekee ndani yake. Ndipo alipoliona tena bara lake, baada ya miaka 22. Furaha ilikuwapo, lakini shaka pia. Baadhi ya Waafrika walimtilia mashaka kwamba ametumwa na wazungu, na wazungu wengi hawakupenda kumwona Mwafrika akikaa meza moja nao. Ndugu zangu mliorudi mnaielewa hali hiyo: ugenini wewe ni mgeni, na nyumbani nako unaangaliwa kama mgeni.

Mwaka 1921 tume ilifika Afrika Kusini, na huko Aggrey alikutana uso kwa uso na ubaguzi wa rangi. Alijulikana kwa ucheshi, na ucheshi huo ulikuwa silaha yake. Hakuwa mtu asiyeumia. Aliijua hasira yake na akaamua mwenyewe itumike vipi. Alipenda kufananisha weusi na weupe na vitufe vya kinanda: unaweza kupiga wimbo kwa vyeupe peke yake au vyeusi peke yake, lakini muziki mtamu unavihitaji vyote viwili.

Kisa kilichomfanya akumbukwe zaidi ni kile cha tai. Mfugaji alimkamata tai mchanga akamfuga pamoja na kuku, hadi tai akawa anadonoa mahindi kama wao. Mtaalamu mmoja wa wanyama akasema huyu ni tai na ataruka. Alimjaribu mara ya kwanza, tai akawaona kuku chini, akashuka kula nao. Mara ya pili akampandisha juu ya paa, ikawa vile vile. Mara ya tatu alimpeleka mlimani alfajiri. Tai akatazama huku na huku, akatetemeka, lakini hakuruka. Mpaka alipogeuzwa akalitazama jua, ndipo akakunjua mabawa akaenda zake.

Wengi hukumbuka kuruka tu. Yule mzee wa Area 23 alinitaka nikumbuke kutetemeka. Aliniuliza kama tai alipotetemeka alikuwa kuku. Nikasema hapana. Basi, akaniambia, hata wewe ukisimama darasani moyo ukakudunda, huo ni woga, na woga hauna uwezo wa kukwambia wewe ni nani. Uite kwa jina lake, kisha usome.

Mwaka 1924 tume ya pili ilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na Nyasaland, ambayo sasa ndiyo Malawi. Kleist Sykes wa Dar es Salaam alieleza baadaye kwamba alikutana na Aggrey katika safari hiyo, na kwamba mgeni huyo alimhimiza waanzishe chama cha kuwaunganisha Waafrika. Mwaka 1929 African Association ilizaliwa, na kutoka katika mizizi hiyo TANU ikachipuka mwaka 1954.

Mwaka huo huo wa 1924 Aggrey alirudi Gold Coast kusaidia kuanzisha shule ya Achimota chini ya Gavana Guggisberg na mkuu wa shule, A. G. Fraser, yeye akiwa makamu msaidizi. Alishikilia kwamba wasichana nao wasome hapo, na wakasoma. Vitufe vya kinanda, vyeusi na vyeupe, vikawa nembo ya shule. Miongoni mwa vijana waliomwona hapo na kumheshimu ni Kwame Nkrumah, ingawa baadaye Nkrumah hakukubaliana naye kuhusu ushirikiano wa rangi. Kwake, ushirikiano wa kweli ulihitaji kwanza usawa. Nadhani Nkrumah alikuwa na hoja.

Shule ilifunguliwa rasmi Januari 1927. Miezi michache baadaye Aggrey alirudi Marekani kuendelea na shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia. Alifariki mjini New York Julai 30, 1927, akiwa na miaka 51, shahada hiyo hajaimaliza. Mtu aliyewaambia wengine kwamba wao ni tai alikufa akiwa bado mwanafunzi.

Nimerudi Burundi, nami ni mwalimu. Siku ya kwanza wanafunzi walicheka Kifaransa changu chenye lafudhi ya Kiingereza. Moyo ulidunda kama zamani. Nikajiambia hii ni aibu, naifahamu, tulikuwa nayo Dzaleka. Kisha nikaendelea na somo. Mpaka leo, kabla ya kuingia darasani, huwa najiuliza nimebeba nini: hasira, majonzi au woga? Nikishajua, mzigo unapungua.

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi Dzaleka, kambi yenye watu zaidi ya 50,000. Wapo watoto wetu humo ambao leo wananyamaza darasani. Ndugu msomaji, ukivuka Kobero na kufika Mtaa wa Aggrey, tua mzigo kidogo ulisome jina lile. Kisha ukirudi, mtafute mtoto mmoja anayejidhania kuku, umweleze kwamba hata tai alitetemeka.